Kuufungua mlango wa kujuana: mwongozo kamili wa kujenga mtandao wa wanasayansi wa ubongo usiomwacha mtu nje

Kipimo cha umeme wa ubongo, EEG, kina sharti moja: elektrodi, kidude kinachonasa umeme huo, iguse ngozi ya kichwa. Kwa mwenye nywele laini hiyo ni kazi ya dakika chache. Kwa mwenye nywele za kipilipili, nywele huisukuma elektrodi juu, jeli haifiki ngozini, na mawimbi kwenye skrini hujaa kelele. Data za mtu huyo huishia kutupwa, au haitwi kabisa kushiriki. Hans Berger alirekodi mawimbi ya ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924. Karibu miaka 100 baadaye Arnelle Etienne, akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, alikaa na wenzake wakabuni vibanio vinavyoshikwa na misuko ya mistari, nywele zikiwa zimesukwa ili ngozi ibaki wazi pale elektrodi inapotua. Msusi yeyote angeiona njia hiyo upesi. Ila maabara nyingi hazikuwa na mtu anayejua kusuka.

Ndiyo maana sikubali suala la utofauti wa watu katika sayansi ya ubongo lizungumzwe kama jambo la huruma. Ubongo tunaouita "wa binadamu" ni ubongo wa wale waliofika maabarani, umepimwa na wale walioajiriwa maabarani, na wengi wao waliajiriwa kwa sababu kuna aliyewajua. Tukisema kazi imetolewa kwa kujuana, kwetu hayo ni malalamiko, na ni malalamiko ya haki. Lakini sayansi haiendi bila kujuana. Kuna mtu hukudokeza nafasi kabla haijatangazwa. Kuna mwingine hukupa nakala ya ombi lake la fedha lililofanikiwa ili ujifunze, na mwingine hutaja jina lako kamati inapokaa. Kujuana hakutaondoka. Kazi tuliyo nayo ni kuuweka wazi mlango wake, aupate hata yule ambaye hakuna aliyemtangulia. Hatua zifuatazo zinakuhusu uwe mkuu wa maabara, mwandaaji wa kongamano, au mwanafunzi mwenye wenzako watano na kundi la simu.

Hatua ya kwanza: hesabu kabla ya kusema

Chukua karatasi. Andika majina ya wazungumzaji 20 wa mwisho walioalikwa kwenye semina za idara yako. Chini yake andika waandishi wenza wa makala zako tano za karibuni. Mwisho, andika watu 10 ambao ungewapigia simu leo ukihitaji mshirika wa mradi. Mbele ya kila jina weka yale ambayo ni bayana: nchi anayofanyia kazi, ngazi aliyofikia, aina ya taasisi yake. Jinsia iandike kama mwenyewe anavyojitambulisha. Dini, asili na ulemavu usivikisie. Ukitaka kujua hali ya kundi zima, pitisha dodoso la hiari lisilo na majina.

Kisha linganisha na uwanja wenyewe. Tovuti ya BiasWatchNeuro ilianza kufanya hivyo kwa makongamano ya sayansi ya neva: inahesabu wanawake walioalikwa kuzungumza, halafu inaweka idadi hiyo pembeni ya makadirio ya wanawake waliopo katika tawi hilo. Ulinganisho huo ndio unaoleta maana. Wanawake watatu kati ya wazungumzaji kumi wanaweza kuwa haki katika tawi moja na aibu katika jingine.

Usisahau orodha ya marejeo mwishoni mwa makala zako. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Nature Neuroscience ulipitia majarida matano makubwa ya fani hii, ukakuta kwamba makala ambazo mwandishi wa kwanza na wa mwisho ni wanawake hutajwa kidogo kuliko inavyotarajiwa, na pengo hilo hutokana zaidi na orodha zinazoandikwa na wanaume. Kumtaja mtu kwenye marejeo ni kujuana pia, na ndiko kunakoonekana kwenye wasifu wake anapoomba kazi.

Hatua ya pili: waulize wasiokuja

Waandaaji wengi hutuma dodoso kwa waliohudhuria. Hao wameshafika! Unaotaka kuwasikia ni wale waliojiandikisha wakaishia njiani, waliokubaliwa mabango yao (karatasi kubwa za kuonyeshea utafiti ukutani) wasitokee, na walioacha kuomba baada ya mwaka mmoja. Waandikie mmoja mmoja, kwa swali moja fupi: ni nini kilikuzuia? Majibu yatakuwa ya kawaida sana: viza ilichelewa, mtoto mchanga, ada ilitakiwa kwa kadi ya benki ambayo hana, ukumbi una ngazi tupu, msimamizi alimpeleka mwingine. Karibu kila jibu la namna hiyo lina dawa, na dawa nyingi ni za kiutawala.

Hatua ya tatu: ingia palipo na moto kabla ya kuwasha wako

Kabla hujaanzisha mtandao mpya, jua iliyopo. Shirika la kimataifa la utafiti wa ubongo, IBRO, lipo tangu 1961 na huendesha mafunzo na misaada ya safari kwa vijana wa nchi zenye uwezo mdogo. SONA, jumuiya ya wanasayansi wa neva wa Afrika, ilianzishwa Nairobi mwaka 1993. Shirikisho la Ulaya, FENS, ni la 1998. Mtandao wa ALBA ulizinduliwa mwaka 2018 mahsusi kwa ajili ya usawa na utofauti katika sayansi za ubongo. Black In Neuro ulianza katikati ya 2020, Angeline Dukes akiwa mwanzilishi, kutokana na swali alilouliza mtandaoni; ndani ya wiki chache ulikuwa umeandaa wiki nzima ya shughuli. TReND in Africa huendesha kozi na kuvipelekea vyuo vya Afrika vifaa vya maabara vilivyokwisha kutumika kwingine. Anne's List ni orodha ya wanawake wa sayansi ya neva kwa yeyote anayedai kwamba ametafuta mzungumzaji mwanamke akamkosa.

Jiunge na miwili au mitatu, usijiunge na yote. Toa kazi ndogo: kupanga ratiba, kuhariri jarida la ndani, kukaribisha wageni kwenye kikao. Anayebeba viti hujulikana haraka kuliko anayekaa kusikiliza. Mtandao mpya anzisha pale tu ulipokuta pengo ambalo hakuna anayelijaza, kwa mfano lugha yenu haina kundi, au tawi lenu dogo halina pa kukutania.

Hatua ya nne: barua ya kwanza, na jibu lake

Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha kwamba habari za kazi hutufikia zaidi kupitia watu tunaofahamiana nao kwa mbali kuliko kupitia marafiki wa karibu, maana marafiki wa karibu wanajua yaleyale tunayoyajua. Kwa hiyo huna sababu ya kuionea haya barua kwa mtu usiyemjua.

Iandike fupi, yenye swali moja la kisayansi na ombi moja dogo. Mfano:

"Profesa, habari za kazi. Naitwa fulani, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uzamili. Nimesoma makala yenu kuhusu usingizi na kumbukumbu kwa panya. Kwenye mchoro wa tatu mmeondoa panya walioamka mara nyingi. Sisi tuna data za panya kama hao na tunaona mwelekeo tofauti. Naomba dakika 15 niulize mlivyopanga kigezo cha kuamka. Jumanne au Alhamisi mchana nitakuwa na nafasi, na akinijibu mwingine wa maabara yenu nitashukuru vilevile."

Tazama kilichomo: ameisoma makala, ana kitu mkononi, na amemwachia profesa njia ya kumpeleka kwa mtu mwingine. Barua ya "naomba uwe mlezi wangu wa kitaaluma" ni nzito mno kwa mkutano wa kwanza. Ulezi huja wenyewe baada ya mazungumzo mawili matatu.

Sasa nigeukie anayepokea, kwa sababu hapo ndipo milango mingi hufungwa kimyakimya. Rita Levi-Montalcini alifukuzwa kwenye taaluma kwa sheria za ubaguzi za Italia za mwaka 1938. Aligeuza chumba chake cha kulala kuwa maabara, akafanyia kazi viinitete vya kuku, na majarida ya nchini mwake yalipofungwa kwake akachapisha Ubelgiji. Makala ikamfikia Viktor Hamburger kule St. Louis, Marekani. Hamburger naye alikuwa amefutwa kazi Ujerumani mwaka 1933 kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi. Namna Rita alivyoyaeleza matokeo ilipingana na maelezo ya Hamburger mwenyewe. Vita vilipokwisha, akamwalika. Rita alifika mwaka 1947 akikusudia kukaa miezi 10 au 12. Alibaki miaka ipatayo 30, na mwaka 1986 yeye na Stanley Cohen wakapewa Tuzo ya Nobel kwa ugunduzi wa protini zinazokuza seli, yake ikiwa ile inayokuza neva. Mtu asiye na cheo, aliyefungiwa chumbani, anayekupinga: barua za namna hiyo ndizo za kujibu kwanza.

Kama barua ni nyingi, tenga nusu saa moja kwa wiki kwa ajili ya watu usiowajua tu. Usipoweza kusaidia, mtajie mtu mwingine mmoja ambaye ataweza.

Hatua ya tano: panga mkutano ili watu wakutane

Hapa ndipo ningekuomba utumie muda wako mwingi. Kongamano la kawaida huwapa nafasi ya kuzungumza wale wanaojuana tayari. Saa ya mapumziko hufika, waliosoma pamoja husimama bega kwa bega, duara linafungwa, na mgeni huzunguka ukumbini na kikombe mkononi kama anayetafuta mlango.

Anza na kamati. Watu hualika wanaowajua, basi kamati yenye watu wa aina moja italeta programu ya aina moja hata kama kila mmoja ana nia njema. Weka wanakamati wa ngazi, jinsia na maeneo tofauti, wakiwemo wanafunzi wawili wenye haki kamili ya kura. Wazungumzaji nusu wapatikane kwa wito wa wazi, maombi yasomwe bila majina. Alika mapema, miezi sita au zaidi: mwenye watoto wadogo na mwenye kuhitaji viza hawawezi kujibu mwaliko wa wiki tatu.

Fedha za safari zilipwe kabla. Kumwambia mwanafunzi anunue tiketi kisha arudishiwe baada ya miezi miwili ni kumchagua yule ambaye familia yake ina akiba. Lipa tiketi na malazi moja kwa moja, na barua ya viza itoke siku ileile mtu anapokubaliwa.

Ndani ya kikao, mwenyekiti ana nguvu kuliko anavyodhani. Utafiti wa mwaka 2018 uliofuatilia semina karibu 250 katika nchi 10 ulikuta kwamba swali lolote lilikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili na nusu wa kuulizwa na mwanamume, na swali la kwanza likitoka kwa mwanamume, wanawake huuliza machache zaidi baada yake. Kwa hiyo swali la kwanza lipewe mwanafunzi au mtu mgeni, na muda wa maswali uongezwe. Pumziko la dakika mbili kabla ya maswali nalo linasaidia: kila mtu azungumze na jirani yake, anayeandika swali kwa lugha yake ya tatu apate kulipanga kichwani.

Wakati wa mapumziko, wafundishe wenyeji kusimama kama herufi C badala ya O, pengo likibaki wazi kwa atakayepita. Akiingia mtu, aliye karibu amweleze kwa sentensi moja mnazungumzia nini. Ni kitu kidogo mno hata unaona aibu kukitaja kwenye mwongozo, lakini nimeona ukumbi mzima ukibadilika kwa hilo.

Na kwenye mabango. Katika kongamano langu la kwanza kubwa nilisimama mbele ya bango langu karibu saa nzima, watu wakipita macho yao yakiwa kwenye kadi iliyoning'inia shingoni mwangu, wakisoma jina la chuo wasilolijua, wakiendelea. Mzee mmoja akasimama. Alisoma mchoro wa pili taratibu, akauliza swali moja kuhusu kipimo cha udhibiti, kisha akageuka akamwita mama mmoja aliyekuwa kwenye kundi jirani: "Hebu njoo usikie hii." Akatutambulisha, akaondoka zake. Yote hayo hayakuchukua dakika nne. Yule mama ndiye aliyekuja kuniandikia barua yangu ya kwanza ya mapendekezo. Tangu hapo, kila kongamano, hutafuta mabango matatu yasiyo na watu, nikasoma, nikauliza, nikaita mtu. Waombe wakuu wa maabara wote wafanye hivyo. Weka hata kwenye ratiba.

Mambo ya mwili yasiachwe mwisho: mkalimani wa lugha ya alama, manukuu kwenye skrini, mabango ya chini kwa anayetumia kiti cha magurudumu, chumba cha kunyonyeshea, chumba kimya kwa anayechoshwa na kelele. Sisi tunaosomea jinsi ubongo unavyozidiwa na sauti na mwanga hatuna kisingizio.

Mkutano wa mtandaoni una wema wake na mitego yake. Neuromatch, ulioanza 2020, ulitumia programu ya kompyuta kuwaunganisha watu kulingana na utafiti wao badala ya umaarufu wao, na shule yake ya majira ya joto hupanga wanafunzi katika vikundi vidogo kwa kuzingatia saa za eneo na hata lugha. Igeni hilo. Msipokuwa na programu, mtu mmoja mwenye jedwali na jioni mbili anatosha kuwaoanisha watu 60. Saa za vikao zizungushwe, ili asiwe yuleyule anayekesha kila mwezi.

Hatua ya sita: tofautisha mlezi na mpiga debe

Mlezi hukushauri mkiwa wawili. Mpiga debe hulitaja jina lako mahali ambapo wewe haupo. Watu wa makundi yaliyoachwa nyuma huweza kupewa walezi hadi wakachoka kushauriwa, huku wapiga debe wakiwa hawana. Ben Barres, mtafiti wa glia (seli za ubongo zinazozisaidia seli za neva) katika Chuo Kikuu cha Stanford, aliyefariki mwaka 2017, alijulikana kama mwanamke hadi miaka yake ya arobaini. Alisimulia katika jarida la Nature mwaka 2006 kwamba baada ya kubadili jinsia, kuna mtu alisikika akisifu mhadhara wake na kuongeza kuwa kazi yake ni bora kuliko ya dada yake. Dada huyo alikuwa ni yeye mwenyewe. Hiyo ndiyo minong'ono ambayo mpiga debe huikuta ndani ya kamati, na kazi yake ni kuijibu palepale, kwa kutaja matokeo.

Fanya hivi: kila robo ya mwaka, andika majina matatu ya vijana ambao si wa maabara yako. Kabla robo haijaisha, kila mmoja awe amependekezwa kwa kitu kimoja: semina, uhakiki wa makala, jopo, tuzo. Ukikataa mwaliko, mjibu mwandaaji kwa majina mawili. Barua za mapendekezo zisome upya kabla ya kutuma; ukimwita mmoja "mchapakazi na mwenye moyo wa kusaidia" na mwingine "mwenye akili ya kipekee", jiulize kama kazi zao ndizo zilizotofautiana.

Hatua ya saba: kazi hii isibebwe na wachache walewale

Mwanamke pekee katika idara huwekwa kwenye kila kamati ya usawa. Mtafiti mwenye ulemavu huombwa kila mara aeleze ulemavu. Muda huo wanautoa kwenye majaribio na makala zao, kisha kamati ya ajira huwauliza mbona makala ni chache. Kazi ya mtandao iandikwe kwenye majukumu rasmi, ihesabiwe wakati wa kupandishwa vyeo, na ilipwe pale inapowezekana. Walio wengi wapewe kazi zisizoonekana: kuandika kumbukumbu, kutafuta fedha, kupanga vyumba.

Hatua ya nane: usalama

Mtandao usio na kanuni za mwenendo humfaidi mwenye nguvu. Ziandikwe kwa maneno mepesi: ni tabia zipi haziruhusiwi, nani wa kuambiwa, nini kitafuata na ndani ya siku ngapi. Wapokea malalamiko wawe angalau wawili, wa jinsia tofauti, na asiwepo mmoja anayesimamia wanafunzi wengi wa mtandao huo. Tangaza majina yao siku ya kwanza ya mkutano, kwa sauti, yasibaki kwenye ukurasa wa mwisho wa kijitabu.

Hatua ya tisa: pima kilichotokea baada ya watu kurudi makwao

Idadi ya waliohudhuria haitakuambia mengi. Baada ya miezi sita waulize washiriki mambo manne: je, umeandikiana na mtu uliyemjua kupitia sisi? Umepata barua ya mapendekezo? Umealikwa kuzungumza mahali? Mmeanza kazi ya pamoja? Baada ya mwaka, irudie ile karatasi ya hatua ya kwanza na uiweke kando ya ile ya zamani. Majina yakiwa yaleyale, rudi kwa wale wasiokuja, uwaulize tena, na safari hii mmoja wao umkaribishe kwenye kamati.